Saa Hamsini Zisizolipwa

2 Juni

Mume wangu,

Mtoto wetu alitutoka Jumapili, tarehe tisa Machi, saa sita mchana. Naanza na hilo kwa sababu kwenye barua zako halimo. Salamu sasa: mwili mzima, duka linakwenda, cherehani zote nne zinashona. Wewe je? Dereva wa lori la kiwanda, huyu anayetuletea barua, anasema umekonda mpaka mkanda umeutoboa matundu mapya.

Tulizika Jumanne, Jumatano ukarudi kazini. Hilo nililielewa. Lakini tangu hapo kila Jumamosi unabaki huko, na simu hushiki. Zamani ulikuwa ukifika Jumamosi jioni unamkuta Kijogoo wetu kakaa kizingitini na kiatu kimoja mguuni, kingine kakitupa hajui wapi. Niambie, nyumba hii imekukosea nini?

Mkeo

11 Juni

Mke wangu,

Pokea salamu. Sijambo, ila kifua kidogo, vumbi la unga. Dereva usimsikilize, yule hata lori lake analisengenya.

Kazi zimebana. Unajua kazi kama hii wenzangu wanaitafuta kwa tochi: mshahara wa mwezi uko palepale, na ovataimu juu yake, Jumapili inalipwa mara mbili. Nikiiacha wataigombania wengine. Fedha nimempa dereva, zihesabu mbele yake. Utaongeza cherehani ya tano.

Mumeo

30 Juni

Baba Kijogoo,

Kifua kinaendeleaje? Mimi nalala, naamka, basi.

Fedha nimezihesabu, zimetimia. Halafu nikaendelea kuhesabu. Unanijua, hesabu sikufundishwa darasani, nilifundishwa na cherehani ya kukodi, ile ya kulipia kila jioni nishone nisishone. Kiwanda chenu kinalipa ovataimu saa arobaini kwa mwezi, hakizidishi. Uliniambia mwenyewe siku ulipoajiriwa ukarani wa ghala, ukaapa kwamba wao wakifika arobaini na wewe umefika nyumbani. Fedha ulizoleta ni za saa arobaini. Lakini mlinzi wenu anamwambia dereva kwamba kila siku yeye ndiye anayekutoa ghalani usiku ili afunge, Jumapili nayo vilevile. Nimejumlisha, inakuja saa tisini. Hizo hamsini unamfanyia nani bure?

Mwanzo nilidhani mwanamke. Nikatamani kweli awe mwanamke, ningejua mlango wa kwenda kuupiga mateke.

Cherehani ya tano siitaki. Jibu swali.

Mkeo

19 Julai

Mke wangu,

Nisamehe kwa kimya. Afya ipo. Barua hii nimeianza na kuichana mara nyingi.

Simfanyii mtu. Nahesabu magunia. Nikimaliza nayahesabu tena, hata yale niliyokwisha kuyaandika. Msimamizi ameacha kuniuliza.

Jumapili ile haikuwa zamu yangu. Msimamizi aliuliza nani anabaki, nikawa wa kwanza kunyoosha mkono, kwa tamaa ya ile mara mbili. Ningekuwa nyumbani. Ningembeba mimi. Kila nikifikiria kuingia mlango ule nakuona umekaa kwenye cherehani, unanitazama, unajumlisha. Na wewe hesabu haijawahi kukushinda.

Niache huku. Fedha zitafika kila mwezi.

Mumeo

21 Julai

Mume wangu,

Salamu utazikuta kwangu ukifika.

Ni kweli, nimejumlisha. Sasa sikiliza jibu nililopata. Homa ilimpanda saa nne asubuhi. Saa nne na robo nilikuwa njiani nimembeba, miguu peku, duka nimeliacha wazi. Daktari alikuwepo. Dawa ilikuwepo. Na mimi nilikuwepo, mama yake, kanishika kidole hiki mpaka alipokiachia mwenyewe. Kama kuwepo kungemzuia, leo angekuwa hapa anavuruga vitambaa vya watu. Kwa hiyo Jumapili ile itoe kabisa kwenye hesabu zako. Sijawahi kukuandikia hiyo kama deni, hata siku moja.

Ninazokuandikia ni zilizofuata. Kumi na tisa mpaka jana. Zote nimemlilia peke yangu, zamu yangu na zamu yako, na hiyo ndiyo inaniua. Sitaki unieleze. Sitaki unitunze. Njoo ukae kwenye kile kitanda chake kidogo, ulie na wewe, hata kama kitavunjika.

Dereva anatoka huko Jumamosi hii saa mbili asubuhi, kiti cha mbele kiko wazi, nimeshamuuliza. Ijumaa nafunga duka saa kumi na moja jioni, simu nitaiweka mbele yangu. Nipigie kabla sijafunga. Usiniambie kazi zimebana wala utaangalia. Ukikaa kimya nitajua Machi nilizika wawili, na Jumatatu natafuta nyumba nyingine.

Unakuja au huji?

Mkeo