Nilitia Oili ya Breki kwenye Usukani wa Baba Mkwe

Shikamoo Bibi mshauri, naomba unisaidie maana kichwa kinazunguka kama pia, baba mkwe alinipa gari lake nilioshe tu, nikaona kikopo cha oili ya usukani kina ufa kinavuja, nikasema ngoja nimfurahishe mzee, nikanunua kingine nikakifunga vizuri kabisa, ila oili nikatia ya breki kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo stoo na mimi nilijua oili ni oili, mzee alipojaribu usukani ukawa laini, akanishika bega akaniita “mwanangu”, yeye ambaye tangu nimuoe binti yake ananiita “wewe bwana”, sasa gari limeanza kulia kila akikata kona na ndani ya kikopo kuna povu, jirani anasema ni hewa tu itatoka yenyewe, muuza vipuri anasema oili ya breki inakula mipira ya ndani ya usukani, mke wangu anasema, “Nyamaza, usimharibie baba furaha yake,” na Jumamosi mzee anampeleka mama mkwe hospitali kwa barabara ya mlimani, je Bibi, niseme au ni kelele tu?

Mkwe Aliyechanganyikiwa

Mjukuu wangu, barua yako nimesomewa mara mbili, ya kwanza nilidhani masikio yangu ndiyo mabovu. Oili ni oili? Basi mkeo akikukaangia mboga kwa mafuta ya taa, ule ushibe, si mafuta ni mafuta?

Pole, lakini. Nia yako naiona, na “mwanangu” ya mkwe mgumu ni tamu. Ila gari halilii bure. Mimi kikopo hicho hata sijui kinakaa wapi, nimemuuliza fundi anayepanga kwangu. Kasema muuza vipuri yuko sahihi: mipira ikishaliwa, oili inavuja na usukani unakuwa mzito kama jiwe, na mzee wa watu yuko kwenye kona za mlimani. Mwambie mkeo baba hana furaha akiwa korongoni.

Sasa sikia. Gari lisiwashwe tena. Livutwe hadi kwa fundi, oili yote imwagwe, njia zisafishwe, mipira ikaguliwe, itiwe oili ya usukani yenyewe, kisha matairi yainuliwe na usukani uzungushwe kushoto na kulia mpaka povu liishe. Mama mkwe aende kwa teksi.

Na kabla ya yote hayo, leo hii, nenda kwa mzee useme, “Baba, nimekosea.” Usimtaje jirani, usimtaje mkeo. Atafoka. Kaa hapohapo ufokewe. Sijaona bado aliyezikwa kwa kufokewa na mkwe.