Vifo Vitatu vya Mwadime

Jumatatu, 8 Septemba

Kikao cha asubuhi kimezaa kazi, na kazi kama kawaida imemwangukia mwalimu wa ushauri nasaha. Mimi. Siku ya maombi ya kidato cha nne ni tarehe nne Oktoba. Mchungaji yupo. Wapishi wapo. Mabeseni ya kuwekea kalamu ziombewe yapo. Msemaji hakuna. Wa mwaka jana alijisifu saa mbili nzima, watoto wakalala macho wazi. "Madam Mkawasi, tutafutie mtu wa kuwasha moto," Mkuu akasema. Nimekubali. Ningekataaje mbele ya walimu wote.

Jumanne, 9 Septemba

Wa Nairobi hapokei simu. Wa pili anataka kuletwa kwa ndege, Voi hii. Wa tatu anasema vizuri lakini anatafuta kura, utamjua kwa salamu tu. Nimechoka na watu wanaojua kila kitu kuhusu maisha. Nimesahihisha insha za kidato cha pili. Ugali na mchicha. Kitanda.

Alhamisi, 11 Septemba

Wawuda wa Hisabati amenitumia video. Amesema kijana huyu amekulia pande zetu, watoto watampenda. Kocha Eli. Suti ya samawati, viatu vyeupe. Nimeifungua nikila githeri kwenye chumba cha walimu.

Ni Elija. Elija wa mashamba ya mkonge, mtoto wa yule nyapara aliyetoka Kakamega. Elija aliyekuwa akishinda kwangu likizo nzima na Mwadime wangu, sahani moja, blanketi moja. Nimemjua kwa mikono kabla ya uso.

Katikati ya maneno yake akasema, "Nilikuwa na rafiki, anaitwa Mwadime." Ametaja jina. Halafu akasimulia jinsi mwanangu alivyokufa, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Nimetoka nje nikasimama kando ya tangi la maji. Baada ya hapo nilikuwa na vipindi viwili. Sijui nilifundisha nini.

Ijumaa, 12 Septemba

Niandike ninachojua mimi, kabla maneno ya Elija hayajaingia kichwani yakakaa.

Miaka sita iliyopita, Januari. Shamba letu la ndengu, Kasigau. Ndovu walikuwa wameingia usiku. Mapema asubuhi Mwadime na Elija wakatangulia kwenda kuona kilichobaki. Walikuwa wamemaliza kidato cha nne, wanangoja matokeo. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha chai. Elija akarudi mbio, miguu mitupu, hawezi kutoa neno. Mwadime hakurudi. Askari wa wanyamapori walimpata kwenye njia ya kuteka maji.

Elija hakusema kitu siku hiyo. Kwenye mazishi hakusema kitu. Kisha kibarua cha baba yake kikaisha, wakahama, hata nambari hawakuacha. Hakuna aliyewahi kutuambia ilikuwaje. Tulizika bila kujua, na hilo limenila kuliko kifo chenyewe.

Kumbe yuko Mombasa, anasimulia kwa maiki.

Jumapili, 14 Septemba

Sikwenda kanisani. Nimetafuta video zake zingine. Nimepata mbili ambazo anamtaja.

Katika ile ya Wawuda, Mwadime alikuwa amelewa. Aliambiwa kuna ndovu, akapuuza. Funzo: chagua marafiki. Katika ya pili alimsukuma Elija kichakani, akasimama yeye mbele ya ndovu. Funzo: kuna mtu alikufa ili wewe uishi, usichezee nafasi. Katika ya tatu walikuwa wamekwisha kuponyoka wote wawili, Mwadime akarudi kuokota simu. Funzo: usiangalie ulikotoka.

Mwanangu amekufa mara tatu, na mara zote amekuwa funzo.

Mwadime hakuwa mlevi. Nilikuwa na hakika. Sasa nimeanza kujiuliza Krismasi yake ya mwisho alichelewa wapi, na kwa nini alinawa uso kabla ya kunisalimia. Nachukia kwamba najiuliza.

Halafu kuna kicheko. Katika zote tatu, kabla hajafika kwenye ndovu, Elija humwiga Mwadime akicheka. Kinaanzia puani kama mtu anayekoroma, halafu kinapanda. Ni chenyewe. Miaka sita sijakisikia. Watu ukumbini nao wanacheka. Niliifungia simu kwenye kabati la vyombo, na bado nilikisikia nikisugua masufuria.

Jumatano, 17 Septemba

Nimepiga simu. Amepokea msaidizi wake, msichana mpole. Nimesema ni Madam Mkawasi, wa shule ya Voi. Elija hajawahi kunijua kwa jina hilo. Kwake nilikuwa Mama Mwadime, basi. Tarehe nne yuko huru. Tumekubaliana.

Mkuu amefurahi. Ameitazama video, anasema hiyo habari ya rafiki na ndovu imemtoa machozi. Hajui. Nilihamia shule hii baadaye, na sikutaka kuwa mama wa marehemu katika kila kikao.

Simleti kwa ajili ya watahiniwa. Hapa naweza kusema. Namleta nimuulize.

Jumamosi, 20 Septemba

Baba Mwadime amekuja kutoka Kasigau na kuku wawili. Yeye hakukubali kuliacha lile shamba, mimi sikuweza kukaa nalo. Ndivyo tunavyoishi. Nilingoja amalize kula, nikamwonyesha. Alifika kwenye neno "amelewa". Akailaza simu mezani kifudifudi, polepole.

"Mama Mwadime, huyo usimlete. Ukimuuliza atakujibu. Halafu utakaa na hilo jibu."

Nikamwambia bila jibu nimekaa vya kutosha. Akatoka kwenda kutengeneza banda la kuku, na halijaharibika.

Alhamisi, 25 Septemba

Siko sawa. Nikimtafuta Mwadime wangu kichwani simpati. Nawapata wale watatu. Mmoja anayumba. Mmoja ametandaza mikono. Mmoja ameinama kuokota simu. Asubuhi nikiwasha jiko nahisi wamesimama mlangoni nyuma yangu, wananingoja niseme yupi aingie. Sigeuki. Nachemsha chai nikiwa nimeangalia ukuta.

Leo mvulana mmoja alicheka nyuma ya darasa. Nikaangusha chaki, na darasa likanyamaza lenyewe.

Msaidizi wa Elija amepiga. Anauliza kama kuna kisa chochote cha huku ambacho Kocha anaweza kukigusia, kwa sababu hupenda kugusia mambo ya mahali. Nimemwambia anacho tayari.

Ijumaa, 3 Oktoba

Ni kesho. Viti vimepangwa bwaloni. Kalamu zimejaa mabeseni matatu. Mimi ndiye nitakayemkaribisha jukwaani. Niliandika utangulizi nikauchana.

Naogopa. Elija simwogopi. Naogopa isije ile ya ulevi ikawa ndiyo ya kweli.

Jumamosi, 4 Oktoba

Treni ilichelewa. Dereva wa shule alimleta moja kwa moja hadi bwaloni, wazazi wameshakaa, watoto wanaimba. Nilikuwa jukwaani na maiki. Nikasema, "Mkaribisheni Kocha Eli." Akapanda mbio akipunga mikono, akanyoosha mkono achukue maiki, akaniona.

Nikampa maiki nikaenda kukaa kiti cha mbele, mahali ambapo macho yake hayawezi kuniruka.

Alianza vizuri, lazima niseme. Kijana ana kipaji. Aliwasimamisha, akawaketisha, akawatania kuhusu maharagwe ya shule hadi wapishi wakatoka kusikiliza. Halafu akasema, "Nilikuwa na rafiki." Akanitazama. "Nilikuwa na rafiki, anaitwa..."

Jina halikutoka. Alikohoa. Akanywa maji. Akaanza kuwaambia wasome maswali vizuri kabla ya kujibu, walale mapema, wawatii walimu. Hata mimi ningeweza kusema hayo, bure. Watoto wakaanza kupiga miayo. Mkuu akaniangalia kama nimemuuzia mbuzi mgonjwa. Makofi ya adabu. Mchungaji akaziombea kalamu.

Nilimkuta nyuma ya jiko, ameshika sahani ya pilau, hali.

"Shikamoo, Mama Mwadime."

Nikaitikia marahaba. Mazoea tu, na nikajikasirikia.

"Ni ipi?" nikamuuliza.

Hakuuliza ipi nini. "Hakuna, mama. Zote nimezitunga."

Akasema walikuwa wanatembea, Mwadime mbele, anacheka kitu. Hakumbuki ni kitu gani, amejaribu sana. Ndovu akatokea vichakani. Yeye akageuka akakimbia. Alimsikia Mwadime akimwita jina, mara moja tu. Hakusimama. Hakuona lolote baada ya hapo.

"Kila mtu alikuwa ananiuliza, ikawaje? Na mimi sijui ikawaje. Nilikuwa nakimbia. Ningewaambia nini?"

Nikamuuliza kama Mwadime alikuwa amekunywa.

"Amekunywa nini, mama? Hata chai hatukungoja."

Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka pia ale, amekonda. Nikamwambia ale. Nikamwambia asilitaje tena lile jina mbele ya watu. Akasema sawa. Halafu akauliza kama anaweza kufika Kasigau, aone kaburi. Nikaenda kukusanya mabeseni ya kalamu.

Jumapili, 5 Oktoba

Mkuu ametuma ujumbe mrefu. Nimesoma nusu.

Nimempigia Baba Mwadime nikamweleza yote, bila kuongeza. Kisha akauliza, "Alikuwa anacheka?"

Nikasema ndiyo, alikuwa anacheka. Akasema anakuja Alhamisi.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimewasha jiko. Mlangoni hakuna mtu. Nimegeuka kabisa nikaangalia. Nilidhani nitafurahi, nimelia.

Kwa hivyo hakuna wa kunijibu. Elija mwenyewe hajui. Kilichotokea kwenye ile njia ya maji alikijua Mwadime peke yake. Ninaliandika ili nilizoee.

Alhamisi, 9 Oktoba

Elija amezifuta video zote mtandaoni. Hakuniambia. Nimezitafuta nikakuta hazipo.

Imebaki moja kwenye simu yangu, ile aliyonitumia Wawuda. Ile mbaya, ya ulevi. Mara mbili nilitaka kuifuta. Kicheko kimo humo tu sasa, hakipo mahali pengine.

Baba Mwadime amefika saa nne. Tumekaa jikoni, sufuria ya chai motoni. Nimempigia kile kipande cha kicheko. Kinaanzia puani, halafu kinapanda. Najua pa kuzima, kabla Elija hajaendelea. Nikazima.

Akasema, tena.

Chai ilikuwa inafurika. Nikaiepua kwanza, nikamimina vikombe viwili, nikarudisha video nyuma kwa kidole, nikampigia tena.