Jua Halikuwa Machoni Mwangu

Ndugu yangu Barasa,

Nakuandikia nikiwa nimeketi kitandani kwangu hapa Shauri Moyo, upande huu wa ukuta. Upande wako sasa anakaa fundi viatu na mkewe. Ni watu wema, hawana neno na mtu. Lakini hawagongi ukuta saa kumi na moja alfajiri kunitoa usingizini twende barabarani. Wiki zile za kwanza baada ya kukuzika nilikuwa naamka saa hiyo hiyo bila kugongewa. Nakaa kitako, nangoja, halafu nakumbuka.

Habari za huku ni hizi. Kiwandani wamepunguza watu, na nusu ya mashine zenu za kusokota uzi zimefunikwa maturubai. Mimi wamenibakiza kwenye kupakia mablanketi. Nafula wako amehamia Mukuru kwa Njenga, karibu na dada yake, anashona sare za shule. Binti yako ameanza darasa la kwanza, na mwalimu wake analalamika kwamba anaongea sana. Nilipoambiwa hivyo nilicheka, nikasema damu ni damu.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya hayo. Kuna jambo nilipaswa kukuambia ukiwa hai. Nilikuwa na miezi sita ya kulisema, ukuta mmoja tu kati yetu, na sikulisema.

Wewe ndiye uliyeanza mambo haya, mwaka wa tisini na tatu. Ulinunua nyama Jumamosi moja, ukarudi na karatasi ya gazeti iliyofungiwa, imelowa damu pembeni. Palikuwa na picha ya watu wakitoka majini mbio kwenda kwenye baiskeli zao. Ulinisomea pale mlangoni: wanaogelea karibu kilomita mbili, wanaendesha baiskeli tisini, halafu wanakimbia ishirini na moja, siku moja, bila kupumzika. Ukaniambia, "Mutua, mbili kati ya hizo tunaziweza tayari." Ulisema tunaziweza, ilhali wewe ulikuwa unaziweza zote tatu. Ulikulia kando ya mto Nzoia. Mimi kwetu Machakos maji ni kitu cha kubebwa na punda.

Ulinifundisha katika lile bwawa la hosteli ya vijana, kila Jumapili baada ya kanisa. Watoto walikuwa wananicheka, mtu mzima na ndevu zake ameshika ukingo kama anayeogopa kuanguka kutoka ghorofani. Uliweka kiganja chako chini ya tumbo langu, ukasema, "Wacha maji yakubebe. Unapigana nayo kwa nini, yamekukosea nini?" Siku ulipoutoa mkono sikujua. Nilifika upande wa pili nikifikiri bado umenishika.

Baiskeli tuliziunga wenyewe kwa vipande vya soko la Gikomba, yako ya kijani, yangu nyekundu. Tuliendesha hadi Athi River na kurudi, malori yakitupulizia moshi. Pampu tulikuwa nayo moja. Siku moja kabla ya mashindano tuliyojiandikisha ulivigawa vitu vyetu kwenye godoro lako: viraka na gundi kwako, pampu kwangu. Nilikuuliza, je, tukitengana? Ukasema, "Tutatengana twende wapi? Tutakuwa pamoja."

Sijui kama unaikumbuka asubuhi ile kama ninavyoikumbuka mimi. Lile bwawa katikati ya mashamba ya kahawa, ng'ambo ya Thika, ukungu umelala juu yake. Wenzetu wamevaa nguo za mpira kutoka shingoni hadi miguuni, sisi na kaptura za mpira wa miguu. Walituandika namba mkononi kwa wino, na wewe ukaniambia tunafanana na ng'ombe wa mnada. Nilicheka.

Nilipoingia majini nilipigwa teke la uso na mtu nisiyemjua. Nikameza maji ya tope. Kifua kikafunga, na kila ulichonifundisha kikanitoka kichwani. Nilikuwa nazama, Barasa. Sikuwahi kukuambia hivyo waziwazi, lakini nilikuwa nazama. Wewe ulikuwa mbele yangu, mbali kiasi, na sijui ulijuaje. Uligeuka. Watu zaidi ya mia wanakwenda huku, wewe peke yako unarudi kule. Ulielea kando yangu ukasema kwa utaratibu, kana kwamba tuko bwawani kwetu, "Hesabu mikono. Usihesabu umbali." Nikahesabu. Ukakaa upande wangu hadi miguu yangu ilipogusa matope ya ukingoni.

Dakika ngapi ulizipoteza pale kwa ajili yangu? Sikuuliza.

Kwenye baiskeli tulikwenda pamoja hadi mahali pa kugeuzia, ile barabara ya kuelekea Garissa, jua limetukabili tangu mwanzo, macho yanatoa machozi. Kwenye kurudi ulinipita kilimani, maana vilima ni vyako, na ukapotea mbele. Nami nikajikuta miguu imefunguka. Nikampita mmoja, nikampita mwingine, mwanajeshi mwenye baiskeli ya kung'aa. Mtu aliyekuwa akigawa maji kando ya njia aliniambia niko kwenye kumi bora. Mimi, mpakiaji wa mablanketi. Tangu nizaliwe sikuwahi kuwa kwenye kumi bora za kitu chochote.

Ndipo nikakuona.

Nilikuona kutoka mbali, karibu nusu kilomita. Baiskeli umeipindua magurudumu juu, tairi la nyuma liko mkononi mwako. Ulinitambua pia, kwa sababu uliinua mkono. Hukuupunga. Uliuinua tu, kama mtu anayejua kwamba yule anayekuja ni wake.

Nataka nikuambie nilichokifikiri, kwa sababu huko uliko sioni faida ya kukuficha. Nilifikiri: nikisimama ni dakika kumi, labda kumi na tano, na yule mwanajeshi yuko nyuma yangu. Nilifikiri kuitupa pampu bila kusimama, lakini nilikuwa nimeifunga kwenye fremu kwa mpira wa tyubu, na kuifungua kungenibidi nipunguze mwendo. Nilikuwa na muda wa kuyafikiri haya yote, ndugu yangu. Halafu nikainamisha kichwa, nikaangalia gurudumu langu la mbele, nikapita.

Uliniita mara moja. Hukupiga kelele. "Mutua." Basi.

Pampu iligonga fremu hadi mwisho wa njia.

Mbio zenyewe nazikumbuka kwa vipande. Vumbi jekundu la mashamba ya mananasi, chumvi imekauka usoni. Misuli ya mapaja ilinikamata nikawa natembea kama mzee. Penye kona moja nilisimama kabisa, nikatazama nyuma kuelekea barabarani. Ningeweza kurudi hata wakati ule. Nikaendelea mbele. Nilimaliza wa tisa. Mama mmoja wa Kizungu alinivisha medali akanipa mkono, na watu walipiga makofi, na mimi nilitabasamu.

Nilikula wali wao chini ya hema. Niliongeza mara ya pili. Walianza kukunja kamba, wakashusha kitambaa cha mwisho wa mbio, nawe hujatokea. Kisha nikakuona unakuja juu ya baiskeli, polepole, unayumba. Ulikuwa umejaza nyasi ndani ya tairi ili lisikae bapa, na zilikuwa zinachomoza pembeni kama manyoya. Msimamizi alikuambia muda umekwisha, haitahesabiwa. Ulimshukuru. Ukaiegemeza baiskeli, ukafunga kamba za viatu, ukaenda kukimbia kilomita zako ishirini na moja.

Ulirudi jua likiwa chini, kamba hazipo, kitambaa hakipo. Tulikuwa mimi na dereva wa lori lililokuwa lituchukue. Nilikupa chupa ya maji, na kabla hujanywa nikasema, "Sikukuona pale."

Ulikunywa hadi ikaisha. Ukaniangalia. Ukasema, "Najua. Jua lilikuwa machoni mwako."

Barasa, tulikuwa tunarudi magharibi, na ilikuwa bado asubuhi. Jua lilikuwa mgongoni mwangu. Wewe ulikuwa umetoka kuipita barabara hiyo hiyo, mgongo wako umeungua kama wangu. Ulijua. Ulinipa uongo ulio bora kuliko wangu, nami nikaupokea kama nilivyoipokea ile medali.

Ningefurahi kama ungenikasirikia. Nilingoja. Lakini Jumatatu yake uligonga ukuta saa kumi na moja kama kawaida, ukauliza, "Niaje, miguu iko?" Tukaenda. Miezi sita tukaenda. Kila nilipotaka kuanza kusema nilijiambia tumalize kilima hiki kwanza.

Halafu ile homa. Alhamisi nilikukuta hospitalini umefunika macho kwa shuka kwa sababu mwanga ulikuwa unakuumiza kichwa. Shingo haigeuki. Uliniuliza kama mvua imenyesha. Nilikaa na lile neno mdomoni hadi muuguzi akaja kusema saa ya kuona wagonjwa imekwisha. Nikakuambia nitakuja Jumamosi. Hukuifikia Jumamosi.

Tulikupeleka kwenu Bungoma. Na pale kaburini, baada ya mchungaji, kaka yako alisimama kueleza habari zako. Alisema jinsi ulivyopata pancha kwenye mashindano, na rafiki yako wa Nairobi akasimama kukusaidia, nawe ukamkataza, ukamwambia, "Nenda, upeleke jina la Shauri Moyo mbele." Alisema hayo ndiyo uliyoisimulia familia ulipokwenda likizo ya Pasaka. Watu waligeuka kunitazama. Nilikuwa nimeshika koleo. Mama yako alikuja akanishika mikono yote miwili, akasema, "Wewe ndiye uliyesimama na mtoto wangu."

Niliinamisha kichwa, na wakafikiri ni huzuni. Nilipoondoka alinipa kuku mzima, amefungwa miguu, nimlete Nairobi. Nilimla, Barasa. Nilikaa hapa peke yangu nikamla.

Mwaka huu nilirudi kule kwenye mashindano. Nadhani nilikuwa natafuta adhabu. Badala yake nilimaliza haraka kuliko mara ya kwanza. Nilipopita pale uliposimama sikupajua hata kidogo. Ni barabara tu, majani tu pande zote. Nilikuwa nimeshapita ndipo nikatambua.

Wiki iliyofuata nilikwenda Mukuru kumwona Nafula. Alifurahi. Aliacha cherehani, akaanza kuwasha jiko, akasema, "Shemeji, Barasa angefurahi. Si yeye ndiye aliyekuambia uende?" Ndipo ikanishinda. Nilimwambia yote pale nikiwa nimesimama: mkono uliouinua, jina langu ulivyoliita, pampu, jua.

Alizima jiko. Alikaa juu ya kile kigoda chako, akikunja na kukunjua kola ya sare ya mtoto. Mwisho akasema, "Kwa hiyo alinidanganya mimi mkewe, ili akulinde wewe." Akaendelea, "Mimi siwezi kukusamehe, shemeji. Si mimi uliyeniacha barabarani. Lakini mama mkwe bado anawasimulia watu kanisani habari ya wema wako. Nenda umwambie mwenyewe." Akarudi kwenye cherehani. Niliondoka bila chai, na unajua nyumba yako haijawahi kumtoa mtu bila chai.

Sijui kwa nini uliwasimulia vile. Labda ulitaka iwe kweli. Labda uliona aibu kwa niaba yangu. Usiku na mchana nimelipindua swali hilo, na jibu limekwenda nawe. Ninachojua ni kwamba ulirudi kunichukua majini bila kuitwa, na mimi uliniita kwa jina langu nikapita. Nisamehe, ndugu yangu. Nimechelewa, najua haitahesabiwa. Nakuomba hivyo hivyo.

Kiwanda kitafungwa wiki ya Krismasi. Nimeshaomba ruhusa niongezewe siku mbili. Nitakwenda hadi kwa mama yako, sitapitia kwa kaka yako anitangulie kusema. Nitamwomba tukae nje, wawili. Kibukusu sikijui, na Kiswahili chake ni kidogo, kwa hiyo nitasema polepole na sitatumia maneno ya kujificha. Nitamwambia, "Mama, sikusimama." Nikishasema hivyo nitakaa nimngoje, hata kama atanyamaza hadi jioni, hata kama ataniambia nisikanyage tena boma lake.

Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na safari hii sitaiahirisha hadi Jumamosi.

Lala salama, Barasa. Nitapitia kaburini kwako kwanza nikufahamishe kwamba nimefika.

Ni mimi jirani yako,
Mutua