Baba Ritha na taa ya maji ya waipa

Shoga, sina mbavu. Baba Ritha alikuwa ameshafuta safari yetu ya kesho ya Mgeta, kwetu milimani. Mama yangu hajamshika mjukuu wake tangu azaliwe, na huyu bwana anasema gari ni bovu kwa sababu taa ya maji ya waipa, yale ya kuoshea kioo, haizimiki.

Ya waipa, shoga. Wala si ya injini.

Anajaza maji, taa inawaka. Anaongeza sabuni ya unga, taa inawaka. Mapovu mpaka kwenye bampa. "Mama Ritha, tangi linavuja. Mlimani tutakufa."

Nikafanya tulivyofundishwa kwenye lile darasa langu la jioni la ufundi wa magari. Waipa zinarusha maji vizuri, basi tangi lina maji. Nikachomoa waya wa sensa, kile kipimo cha maji ndani ya tangi, taa ikazimika; kumbe tatizo ni sensa. Nikatoa sensa yenyewe, nikakuta kiboya chake cha kuelea kimegandwa na sabuni ya bwana mkubwa, hakipandi. Nikaiosha, nikairudisha, nikajaza maji matupu. Taa kimya.

Unajua alifanya nini? Akampigia mama yangu simu. "Shikamoo mama. Kesho tunakuja, gari nimelitengeneza."

Nimelitengeneza. Na mikono yake mikavu.

Nikamwacha amalize maneno, nikachukua funguo. Kesho naendesha mimi, yeye atapakata mtoto siti ya nyuma.