Siku Nne Nilizonyamaza

Mwanaidi, Mzaramo usiye na haya,

Kaka yako hanipi salamu. Tangu msiba wako, tukikutana sokoni anageukia mafungu ya mchicha kana kwamba ana shida nayo. Mashtaka nakuletea wewe, maana wewe ndiye uliyenitia kwenye ugomvi huu, kisha ukaenda zako.

Sijuti. Nakwambia mapema usije ukadhani naandika kuomba radhi.

Tulikuwa watani kabla hatujawa marafiki. Mzaramo na Mnyamwezi, tangu lini wakaongea kwa adabu? Siku ya kwanza nilipopanga viazi vyangu karibu na karai lako la maandazi ulisema, "Karibu, mpagazi, tua mzigo hapa." Nikakujibu kwamba maandazi yako yamelala, kama mwenyewe. Tukaendelea hivyo miaka minane.

Kisha likaja tezi shingoni, kubwa kama kungumanga. La pili likaota kwapani. Mganga alikuchanja chale, hazikufaa kitu. Nikakubeba mgongoni mpaka hospitali, na njia nzima ukawa unawaomba watu wasinisemeshe, mpagazi akiongea huchoka. Daktari alikupapasa, akakupa chupa ya dawa ya matone, akasema uvimbe utapungua kwa muda. Ukapungua kweli, na mwezi mzima ulirudi kwenye karai lako. Halafu homa ikarudi, na majasho ya kulowesha godoro, na ule muwasho usio na kipele. Nilikukuna mgongo kwa gunzi la muhindi, nawe ukalalamika kwamba Wanyamwezi hata kukuna hawajui, wanajua kubeba tu.

Safari ya mwisho hospitalini, msaidizi wa daktari aliniita pembeni. Akaniambia matone hayana kazi tena, nikae nawe tu. Nilirudi chumbani kwako, utani nikauweka kando. Nikakukorogea uji, nikakupepea, nikakuita "dada yangu". Siku nne. Nilidhani ndiyo heshima.

Siku ya tano ulisukuma bakuli.

"Kalunde, umeacha kunitukana. Kwa hiyo nakufa."

Si daktari aliyekuambia, wala si kaka yako. Nilikuambia mimi, kwa adabu zangu. Mpaka leo kosa hilo linanichoma, na sitaki mtu aje kunibembeleza kwamba halikuwa kosa.

Nililia. Ukaniacha nilie, kisha ukaniuliza kama nimemaliza, maana kuna kazi. Ukanitaka ahadi: nikutanie mpaka pumzi ya mwisho, na siku ya msiba nivae kanga yako nikuigize mbele ya watu, kama ilivyo desturi ya watani, vile ulivyokuwa na si vile watakavyosema. "Wataniita mpole," ukasema. "Usikubali."

Basi nikarudi kazini. Siku zilizobaki nilikutukana kwa bidii. Ukishindwa kumeza nilikwambia unaharibu chakula cha watu. Nikikugeuza ili mgongo usichubuke nililalamika uzito, nawe hukuwa na uzito hata wa mtungi mtupu. Asubuhi uliyoondoka nilikuwa nakugombeza kwamba umelalia kanga yangu. Ulichezesha midomo kunijibu. Najua lilikuwa tusi, na nimelipokea.

Msibani kaka yako alisimama mlangoni. Alisema huu ni msiba wa watu wa dini, utani ni mambo ya porini huko, na marehemu alikuwa mtu mpole. Wanawake wakaitikia kwamba kweli, alikuwa mpole. Wewe, uliyemfukuza askari wa soko kwa mwiko unaochuruzika mafuta ya moto.

Nilimpita. Nikaingia na kanga yako, nikashika kiuno, nikatembea unavyotembea ukiona mtu anabonyeza maandazi bila kununua. Hakuna aliyecheka. Kaka yako akanishika mkono anitoe. Hapo mama yako, ambaye tangu jeneza litoke alikuwa hajasema neno wala kugusa maji, akainua kichwa.

"Mwache," akasema. "Lakini hajampatia."

Akainuka mkekani na magoti yake mabovu, akakaza kanga kiunoni, akatembea mwenyewe. Alikupatia, Mwanaidi. Kidevu, kiuno, hata ule msonyo wako. Ulipita katikati yetu na kila mtu alikuona. Tulicheka mpaka tukalia, na mama yako ndipo akaomba maji.

Kwa hiyo kaka yako na aendelee kununa. Arobaini yako nitakuja tena, asimame mlangoni au asisimame, na safari hii mama yako ameshanifundisha kusonya. Atakayekuita mpole mbele yangu atanitambua.

Haya, lala. Kwa kulala, Wazaramo hamjambo.

Mtani wako,
Kalunde