Soksi za Januari

Jumatano, 2 Januari

Nimeitwa! Meneja Lavelle kapiga simu mwenyewe, mimi niko chini ya ng'ombe wa watu natengeneza mashine ya kukamulia. Nikadake Jumapili. Kombe la Januari, lile la kupasha misuli moto kabla ya ligi. Kipa wetu Ultan anapumzisha goti. Goti la Ultan huumwa kila Januari; Mei, mechi kubwa zikianza, halina neno.

Mwaka wa nne huu. Kila Januari timu ya kaunti inanijaribu, kila Februari narudishwa klabuni kwangu na ahsante nyingi. Mama kauliza kama safari hii watanipa soksi. Anajua pa kunichoma! Soksi za kaunti ni za waliosajiliwa. Sisi wa majaribio tunapewa jezi ya kurudisha, chini kila mtu na soksi za klabu yake. Zangu kijani na njano. Nikiwa langoni utadhani nimeazima miguu.

Jumapili, 6 Januari

Tumeshinda! Matope mpaka vifundoni, upepo wa kukata masikio. Mashabiki wetu wenye akili walikaa ndani ya magari pembeni mwa uwanja, vioo vimejaa mvuke, sandwichi za nguruwe mkononi, wanapiga honi tukifunga. Nimeokoa magoli mawili ya wazi. Na katika mpira wetu wa Kigaeli, huu wa mikono na miguu, goli ni pointi tatu, siyo moja kama ukipaisha juu ya mwamba. Kwa hiyo ushindi ule ni wangu, hata kama hakuna aliyesema.

Hakuna aliyesema kwa sababu kijarida cha mechi kilimwandika Ultan namba moja. Orodha ya Januari ni uongo mtupu, kila mtu anajua — mameneja wanafichana vikosi kama wanaenda vitani. Ila mtangazaji aliishikilia hiyo hiyo. Nikiokoa, kipaza sauti: safi sana, Ultan! Ultan yuko kibanda cha akiba anakunywa chai. Akainua kikombe juu, akapunga mkono. Wakampigia makofi!

Jumanne, 8 Januari

Mazoezi. Lavelle kasema nafasi ya kipa wa pili iko wazi, ataamua mashindano yakiisha.

Naitaka. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu. Nina miaka thelathini na moja, Januari nyingine sitapewa.

Halafu nikaelewa kwa nini wenzangu walinuna baada ya ushindi. Jumapili hii ni nusu fainali. Fainali ni Jumamosi ya tarehe 19. Na Ijumaa ya tarehe 18 timu inapanda ndege kwenda Hispania — "kambi ya mazoezi", yaani jua, bahari, na mazoezi kidogo ya kupigia picha. Aliyepanga safari hakuwahi kuwaza kwamba sisi tunaweza kufika fainali. Tukifika, safari imekufa. Wa majaribio ndege haituhusu, bila shaka.

Ijumaa, 11 Januari

Nimemkuta Ultan dukani ananunua mafuta ya kukinga ngozi na jua. Nje inanyesha mvua ya barafu.

"Jumapili usijiumize, bwana," kaniambia. "Si Januari tu hii?"

Januari tu! Kwake yeye.

Jumapili, 13 Januari

Naandika kwenye chumba cha kubadilishia nguo, glavu mapajani. Sijawahi kuandika mechi haijaisha. Leo nisipoandika nitampiga mtu.

Nusu fainali, sisi na jirani zetu wa ng'ambo ya mto. Tunaongoza kwa pointi mbili, dakika za mwisho kabisa. Nahodha wetu, mtu mzima, mwalimu wa shule, kamkumbatia mshambuliaji wao mbele ya lango langu kama shangazi harusini. Mpira haukuwepo hata karibu! Kisha akamwomba refa radhi kabla filimbi haijalia. Penalti. Wakifunga, tumetoka kwa pointi moja na Hispania ipo. Nikiokoa, tuko fainali.

Refa akauweka mpira. Ukungu uliokuwa unatambaa tangu mapumziko ukashuka wote kwa pamoja. Mpira nauona, mpigaji simwoni. Refa akaturudisha ndani tungoje.

Hapa ndani kila mtu ananipenda ghafla. Lavelle kaja kukaa karibu yangu. Miaka minne ananiita "wewe, kipa". Leo nina jina.

"Donncha, mwanangu. Umedaka vizuri sana. Ukifungwa hii, humu hakuna atakayekulaumu."

"Na nafasi je?"

"Tutaangalia," kasema. Akawa anaangalia ukuta.

Ultan kaja na koti lake na chai yake. "Ruka upande wowote upendao. Ila ruka mapema." Wakacheka wote. Nimewachukia wote! Sijui kama nitawasamehe ifikapo kesho.

Ukuta wa humu ni mwembamba. Wenzetu wa upande wa pili wanagombana. Kumbe nao! Nahodha wao anaoa Jumamosi hiyo hiyo, tarehe 19, timu nzima imealikwa. Mpiga penalti wao amebanwa paja ghafla, akiwa amekaa kwenye benchi. Wa pili naye mgongo. Meneja wao anafoka: nani anapiga basi, nipige mimi?

Halafu sauti: "Mimi."

"Wewe nani?"

Akataja jina, sikulisikia. Kasema yuko majaribio.

Nimetoka kidogo kwenye korido kuchungulia uwanja. Ukungu unainuka, lango la mbali linaonekana. Naye alikuwa pale mlangoni, mwembamba, jezi imempwaya, soksi nyekundu na nyeupe za klabu yake. Aliziangalia soksi zangu. Nikaziangalia zake. Hakuna aliyecheka.

"Nitaupiga kwa nguvu zote," kaniambia.

"Piga," nikamjibu.

Mtangazaji ameshaanza huko nje, anawaambia watu Ultan anarudi langoni. Kwenye magari kuna honi moja inalia na haikomi. Ya Mama hiyo, najua inavyokwaruza. Lavelle kasimama mlangoni ananitazama kama anayetaka kuongeza neno. Refa anagonga.

Nimevaa glavu moja. Soksi nimezivuta mpaka magotini. Sitaruka mapema.