Kitanda cha Stoo Yetu

Mji wa Kale, Mombasa

Kwa kaka yangu Sheikhan,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta na afya, joto la Maskati limepungua, na kile kikohozi chako kimekuacha. Mimi ni mzima. Paka wa Mama naye ni mzima, ingawa bado hulala mbele ya mlango wa chumba chake na hataki kula mkononi mwangu. Barua nimempa Faiz, mtoto wa Ami Khubaib, akuletee mwenyewe, maana anasafiri wiki hii. Najua umezoea nikutumie ujumbe wa sauti. Ukifika mwisho utaelewa kwa nini safari hii nimeona bora niandike.

Hitima ya arobaini ilisomwa vizuri, alhamdulillahi, na nyumba ilijaa. Bi Fadhiya wa nyumba ya mkabala alipika pilau licha ya magoti yake mabovu, akakataa kusaidiwa. Unakumbuka Mama alivyokuwa akimtania kwamba pilau yake ni ya wagonjwa, haina chumvi wala ghadhabu? Siku ile aliitia chumvi nyingi makusudi. Alisema anataka Mama aisikie huko aliko.

Masomo yanaendelea. Mwalimu wetu wa ubunifu, Mwalimu Joab, alitupeleka kwenye maonyesho ya sanaa za kisasa katika nyumba moja kongwe iliyokarabatiwa, si mbali na kwetu. Kila mwanafunzi alitakiwa achague kitu kimoja na aandike kilimfanya nini moyoni. Nilikwenda kwa hamu. Tangu Mama atutoke sikuwa nimetoka nyumbani ila kwenda chuoni, na nilitaka kuona kitu kisichonihusu.

Mwanzoni nilifurahi, kaka. Kulikuwa na kiti kilichosukwa kwa kandambili zilizookotwa pwani, na taa zilizotengenezwa kwa mbuzi za kukunia nazi, meno yake yakitupa vivuli ukutani kama samaki. Hizo taa nilizipenda sana. Mwikali, mwanafunzi mwenzangu kutoka Machakos, ambaye hawezi kunyamaza, alisema kwao kitu kikivunjika hutupwa, huku kikivunjika hupewa jina na taa ya kukimulika. Tulicheka hadi Mwalimu Joab akatugeukia.

Kisha tukaingia chumba cha tatu, na katikati yake nikakiona kile cha stoo yetu.

Wewe unajua kwa nini tukikiita kile tu. Tangu Babu akichonge, hakuna mtu wa kichochoro chetu aliyekitaja kwa jina. Mtu akifiliwa alibisha hodi, akasema amekuja kuchukua kile, na Mama akafungua stoo bila kuuliza ni nani, maana kilio alikuwa ameshakisikia. Kikirudi alikikausha kivulini, akakifukizia udi, akakisimamisha ukutani. Maonyeshoni walikuwa wamekipaka mafuta kikang'aa. Karibu yake paliandikwa kwamba ni kitanda cha mapumziko cha Waswahili wa zamani, na kwamba nafasi zilizo baina ya mbao zake ziliachwa ili upepo wa bahari upite. Upepo, kaka! Juu yake palikuwa na sinia ya maembe na bilauri za maji ya ukwaju, na wageni wawili wameketi pale pawekwapo kichwa, wakinywa.

Nilijipa matumaini kwamba ni kitanda kingine. Nikainama upande wa miguuni, nikaiona ile alama ya duara nyeusi. Nilikuwa mdogo nilipokiwekea chetezo karibu mno kikaungua. Nililia, na Mama akaniambia ninyamaze, kwani wanaolala hapo hawalalamiki. Alama ile niliigusa tena asubuhi tulipomwosha yeye. Mimi ndiye niliyemmiminia maji, na Bi Fadhiya ndiye aliyemsugua, akimwambia polepole ainue mkono, kama anayemwogesha mtoto.

Nilimvuta Mwalimu Joab kando nikamweleza. Nilimwambia pia kwamba kakangu hana kosa, kwamba alikuwa mbali, na aliwaruhusu watu wa maonyesho wachukue makasha mabovu tu, na Thoya, mpangaji wetu wa chini, aliwafungulia stoo nikiwa chuoni, bila shaka wakabeba na kisichowahusu. Nilikutetea kwa nguvu. Mwalimu alisikitika kweli. Akanipeleka kwa mwenye kazi ile, dada mmoja wa Nairobi aitwaye Sheryl, mpole wa sauti. Nilimwomba mambo mawili tu: wageni wasikikalie, na kikirudishwa kirudishwe usiku, majirani wasione.

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Machozi yalimlengalenga. Alisema hakujua kama kazi yake ilikuwa na kina hicho, akanishukuru, na akaniahidi kwamba hakuna atakayeweka maembe juu yake tena. Nilitoka nikimwombea dua.

Ahadi aliitimiza. Wiki iliyofuata tuliporudi, maembe hayakuwapo. Juu ya kitanda palitandikwa shuka jeupe, na kutoka darini maji yalidondoka tone moja moja, yakapita baina ya mbao hadi kwenye beseni. Waliweka hata kafuri, chumba kizima kilinuka kafuri. Nje palikuwa na foleni. Mtu alivua viatu, akalala chali, akafumba macho, na mwenzake akampiga picha. Msichana mmoja aliinuka akicheka kwamba pana raha, angeweza kupitiwa na usingizi. Mwenzake akamjibu kwamba ndiyo maana waliolala hapo hawakurudi.

Mwikali akaniita mbele ya darasa zima nije niwaonyeshe jinsi ya kulala, maana mimi ni mwenyeji. Tangu siku hiyo jina langu chuoni ni Bi Mwosha. Kazi yangu niliiandika hivyo hivyo, kwa maneno machache, na Mwalimu Joab akanipa alama za juu kuliko wote. Aliandika chini kwamba huzuni yangu imepangwa vizuri.

Katika siku hizo Bi Fadhiya akafariki. Najua unampenda, samahani kwa kukupa habari hii katikati ya karatasi. Alianguka jikoni baada ya sala ya alfajiri. Nilisikia kilio, na kabla sijavaa buibui nikasikia hodi. Alikuwa Huzaifa, mwanawe, macho mekundu, akasema amekuja kuchukua kile.

Nilimwambia. Sikuwa na uongo wa kutosha. Hakugomba. Alinitaka tu nifuatane naye, tukaenda pamoja na Bi Mwanakhamis, yule somo wa Mama ambaye ulimi wake unaujua. Mlinzi, Baya, ndugu wa Kigiriama, alipoelewa tulichokuja kuchukua alivua kofia yake na akataka kutupisha. Lakini Sheryl alikuja, akasema kitanda kimekwisha andikwa katika safari ya maonyesho ya kwenda ng'ambo, hawezi kukitoa. Akafikiri kidogo, akatoa rai nyingine. Akasema kwa upole ule ule kwamba ikiwa familia itaridhia, marehemu aletwe aoshwe pale pale. Yeye ataona ni heshima kubwa, na wageni wataombwa wasimame nyuma ya kamba.

Kaka, hakukusudia kututukana. Hilo ndilo lililotunyamazisha.

Na katika kunyamaza kule, ndipo tukaisikia. Pale kichwani palikuwa na kipaza sauti kidogo, na sauti iliyotoka ilikuwa yako.

Niliitambua kwa kile kikohozi kabla ya neno la kwanza. Ulisema kwamba hiki ni kitanda cha babu yako, na umekitoa kwa moyo mmoja ili dunia iijue mila yetu. Ulisema mamako alilazwa hapa, nawe ulimmiminia maji kwa mikono yako hii, na kwamba kabla ya kukata roho alikushika kidole akakuambia: mwanangu, usihangaike, radhi zangu unazo. Kisha ukalia. Wageni wawili nao walikuwa wakilia. Ukutani, chini ya jina la Sheryl, palikuwa na jina lako kamili, kwa hisani yako.

Bi Mwanakhamis alisikiliza hadi mwisho. Kisha akapiga kofi, akauliza kwa sauti ya kusikika barabarani: "Mwanamume amwoshe mamake, na wanawake mji mzima tuko hai? Na alimwosha kwa simu?" Akacheka, msibani, hadi akashika ukuta. Wageni walidhani naye analia. Huzaifa hakucheka. Mlangoni aliniambia kwamba nyumba yetu siku hizi yawaazima walio hai tu. Waling'oa mlango wa jikoni, na Bi Fadhiya akaoshwa juu ya mlango.

Sikuambii haya ili uone haya. Nimekufahamu. Sheryl alikutafuta baada ya mimi kumweleza kitanda ni cha nini, nawe hukuweza kusema kwamba tiketi ulikuwa nayo na hukuja kwa Mama. Ulitaka mahali pa kumlilia, ukapewa kipaza sauti.

Lakini kuna maneno ambayo si yako, na nisiponena yatazunguka na kitanda hadi ng'ambo. Lile la radhi, ulilipata kwangu. Nilikutumia usiku wa mazishi kwa kuwa hukuwa ukila wala kulala, na nilikuogopea. Hakulisema Mama. Nililitunga mimi, nikiwa nimekaa juu ya ngazi, na hata hilo la kidole nililitia mimi, kwa sababu ulipokuwa mdogo alikuwa akikushika kidole mkivuka barabara.

Mama aliongea neno la mwisho kuhusu kitanda. Alisema tukimaliza naye tukikaushe kivulini, tusikiweke juani mbao zikapinda, maana Bi Fadhiya hana siku nyingi na atakihitaji. Nikamuuliza nikuambie nini wewe. Nilimuuliza mara mbili, nikidhani hakusikia. Alikuwa amesikia. Aligeuza uso akautazama ukuta, na hakuugeuza tena.

Basi ukitaka kuisikiliza sauti yako, isikilize ukijua hivyo.

Kula vizuri na usiache dawa ya kikohozi. Ami Khubaib anakusalimu. Majirani hawakunipa salamu zako, nami sikuwaomba. Hodi haijabishwa mlangoni petu tangu siku ile, ingawa kichochoroni wamekwisha kufa wengine. Stoo nimeifagia, na huiacha wazi mchana, upepo upite.

Ni mimi mdogo wako, niliyemmiminia maji,

Nasiha